Shajara ya ethi: miezi miwili na nusu ya kuirudishia nyumba njia ya umeme kwenda ardhini

Nyumba ni ya mama yangu mdogo, hapa Uingereza. Mimi ni fundi umeme. Kazi nilijifunzia Tanga, na sasa nimesajiliwa hapa. Kila hatua ikikamilika naiandika, pamoja na vipimo na fedha iliyotoka, kwa sababu Waswahili wengi huku wamepanga au kununua nyumba kama hii: ya matofali, ya zaidi ya miaka mia, imeshikana na za jirani kulia na kushoto, umeme unaingia kwa kebo iliyozikwa.

Kwa walio nyumbani niseme kwanza jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu ethi ni rodi uliyoigongea mwenyewe nje ya ukuta. Hapa nyumba nyingi za mijini hazina rodi. Ethi huletwa na shirika linalomiliki nyaya za mtaani, ndani ya kebo ileile ya umeme. Kwenye kebo za zamani, nyaya zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na juu yake kuna ganda la madini ya risasi. Ganda hilo ndilo ethi, kutoka nyumbani hadi kwenye transfoma. Kwa aina hii, ukinzani wa njia hiyo hautakiwi kuzidi omu 0.8.

Jumamosi, 13 Septemba 2025: kipimo kilichosimamisha kazi

Nilikuja kufunga shawa ya umeme ya kilowati 9.5. Kebo ya milimita 10 ilishapita, breka ya ampea 40 ilishakaa mahali pake. Kabla ya kuwasha nikazima meni swichi, nikafungua waya mkuu wa ethi kutoka kwenye baa ya ethi, pale nyaya zote za ethi za nyumba zinapokutana, nikaupima wenyewe peke yake.

Mashine ikasoma omu 27.4. Nikakwangua klampu, nikabadilisha vishikio, nikapima tena: 27.6.

Hesabu yake ni hii. Waya wa moto ukigusa bati la shawa, umeme unatakiwa kukimbia kwa wingi kurudi kwenye transfoma, breka ikate papo hapo. Njia ikiwa ya omu 0.5, volti 230 husukuma ampea 460, na breka ya 40 inayotumika majumbani hapa hukata mara moja ikifikiwa na ampea 200. Njia ikiwa ya omu 27, zinapita ampea 8 na nusu tu. Breka haina habari. Bati linabaki na umeme, na anayeoga amesimama majini.

Mama mdogo alikuwa mlangoni ananitazama.

"Mwanangu, kwani umeme si unawaka?"

"Unawaka, Mama."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Swali lake ni la haki, na nimelisikia kwa wateja wengi. Taa haihitaji ethi ili iwake. Friji haihitaji ethi ili igandishe. Ethi haina kazi siku zote isipokuwa siku ile moja, na ikikosekana hakuna kinachokuambia. Shawa sikuiwasha. Nilimwomba aogee ndoo, akacheka akasema hilo hakulisahau.

Jumapili, 14 Septemba: ethi ilikwenda wapi

Nilirudi kwenye daftari langu. Mwaka 2023 niliongeza soketi jikoni kwake, na nimeandika omu 0.58. Nilipimia kwenye soketi huku nyaya zinazounganisha mabomba na baa ya ethi zikiwa zimefungwa, na kipimo cha kebo peke yake sikukichukua. Kosa hilo ni langu. Kile nilichokipima siku ile kilikuwa bomba la maji.

Bomba la zamani lilikuwa la madini, limeungana na mabomba ya mtaa mzima, na umeme ulipita humo vizuri kabisa. Mwezi Machi mwaka huu kampuni ya maji ilifukua mlangoni ikaingiza bomba la plastiki ya buluu. Bomba la gesi lilishabadilishwa zamani. Kwa hiyo ganda la kebo lilikuwa limekatika mahali fulani chini ya barabara, pengine kwa miaka mingi, na bomba la maji likawa linaifanya kazi yake kimyakimya. Lilipoondoka, nyumba ikabaki bila ethi. Machi hadi Septemba.

Kama kwako wamekuwekea bomba jipya la plastiki, mwite fundi apime ethi ya kebo peke yake, nyaya za mabomba zikiwa zimetenganishwa na baa ya ethi. Usiridhike na kipimo cha soketi.

Jumatatu, 15 Septemba: simu

Hapa anayekutumia bili siye mwenye nyaya. Mama mdogo alipoteza nusu siku kwa anayemtumia bili, akizungushwa. Namba ya kupiga ni 105, ni ya bure, na hukupeleka kwa shirika la nyaya za eneo lako.

Mpokeaji wa kwanza aliuliza kama umeme upo, akasikia upo, akataka kufunga mazungumzo. Nikabadilisha maneno: "Shirika lilikuwa likitoa ethi kwenye nyumba hii, sasa ethi haipo, na kuna mtu anaishi ndani." Hapo tukapewa namba ya kazi. Andikeni namba hiyo. Bila hiyo, kila simu inaanza upya.

Alhamisi, 18 Septemba: ziara ya kwanza

Alikuja fundi mmoja. Alichomeka kwenye soketi kile kipimio chenye taa tatu, zikawaka zote kijani, akasema ethi ipo. Kipimio kile kinakuambia waya umefika. Hakikuambii una nguvu ya kubeba nini. Kwa omu 27 taa zitawaka vilevile.

Nilimwonyesha mashine yangu. Hakubishana, akaenda garini akarudi na klampu ya bomba, ile ya mshipi wa bati na skrubu, akaivika kwenye kebo na kuikaza kwa nguvu zote. Nikaona risasi inabinyika pembeni mwa mshipi kama udongo wa mfinyanzi chini ya kidole gumba. Klampu ile imetengenezwa kwa bomba la shaba. Risasi ni laini, ukiikaza leo inaendelea kukimbia chini ya mshipi, baada ya miezi mshipi umelegea, na chini yake kuna karatasi ya mafuta na waya wa moto. Kwa ganda la risasi hutumika waya uliolehemiwa juu yake au kishikio cha chemchemi kinachokumbatia bila kukata.

Aliandika kwamba kazi imekamilika. Nilipima gari lake lilipokuwa bado linageuza: 27.1.

Jumamosi, 20 Septemba: rodi yangu ya muda

Sikuweza kumwacha mtu mzima ndani ya nyumba ile kusubiri barua. Nikafanya kama kwetu.

Mahali pa kwanza, karibu na ukuta, rodi iligonga msingi wa zamani kwenye sentimita 60 ikapinda. Nikasogea mita moja na nusu kuelekea kwenye ua la waridi. Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, umeshika unyevu. Rodi ya kwanza ya mita 1.2 ilinipa omu 94. Nikaunga ya pili juu yake, nikagonga, ikashuka hadi 61.

Omu 61 haziwezi kukatisha breka, na hapo ndipo wengi hukosea: wanagonga rodi, wanadhani wamemaliza. Rodi inahitaji RCD, swichi inayokata ikiona miliampea 30 zimepotea njia. Niliweka moja mbele ya nyumba nzima, kwa sababu kisanduku cha mama mdogo kililinda soketi peke yake. Waya wa ethi wa shirika niliufungua kwenye baa, nikaufunga lebo. Kwa RCD ya miliampea 30, chini ya omu 200 ndipo wengi wetu hupaita pa kuaminika, kwa kuwa udongo ukikauka kipimo kinapanda.

Usiku wa pili RCD ikakata nyumba nzima, na mama mdogo hakugundua hadi asubuhi. Kwenye friza kulikuwa na nguru na nazi za kukuna alizoletewa. Aliyevujisha alikuwa hita ya tangi la maji, imeoza kwa ndani. Kwa miezi ile sita ilikuwa ikimwaga umeme kidogo kidogo kwenye mabomba bila kuonekana. Niliikata. Nguru tulimpika siku hiyohiyo.

Gharama: rodi tatu, moja imepinda, na kiungio chake paundi 38, klampu na kisanduku cha ardhini paundi 11, RCD na boksi lake paundi 46, waya paundi 14.

Jumanne, 7 Oktoba: ziara ya pili

Hawa walikuwa wawili na walijua kazi. Walifungua waya, wakapima kwa mashine yao, wakapata 28. Yule mkubwa akaitazama klampu ya mwenzao, akatikisa kichwa, akaivua taratibu kwa bisibisi. Alama ya mshipi imebaki kwenye risasi hadi leo.

Uamuzi wao: ganda limekufa, kwa hiyo nyumba itapewa ethi ya aina nyingine, ambapo waya wa nutrali unaotoka mtaani (ule wa kurudisha umeme kwenye transfoma) unafanya kazi yake na ya ethi pia na kugawanywa kwenye kisanduku cha fyuzi kuu. Kiwango cha aina hiyo ni omu 0.35. Wakapiga rangi kando ya barabara wakaondoka.

Niliwaomba wapime nyumba ya pili, kwa sababu kebo ya jirani inatokea kwenye ya mama mdogo. Walisema namba ya kazi ni ya nyumba moja. Jirani ni bibi Mpolandi anayeishi peke yake. Kwa ruhusa yake nikapima mwenyewe: 31. Tulimpigia 105 pamoja jioni ile.

Jumatano, 22 Oktoba: siku ya kuchimba

Sikuwepo, nilikuwa kazini. Mama mdogo alinipigia picha. Walichimba, wakaunga kebo mpya fupi kwenye ya mtaani, wakaleta kisanduku kipya cha fyuzi. Saa kumi jioni umeme ulirudi. Karatasi waliyoacha ina saini, ina tarehe, na mahali pa kuandika kipimo cha ethi pamechorwa mstari mtupu.

"Wamesema sasa ni mpya kabisa," akaniambia kwenye simu. "Lakini taa ya sebuleni inakonyeza."

Nilipaswa kwenda usiku uleule. Nilikwenda siku tatu baadaye.

Jumamosi, 25 Oktoba: kazi "mpya kabisa"

Hiki ndicho kifungu ninachotaka kisomwe polepole.

Kisanduku kipya hakikupigiliwa kwenye ubao. Kilining'inia kwenye kebo yake, uzito wote umebebwa na viungio. Lebo ya onyo inayotakiwa kwa ethi ya aina hii haikuwepo.

Nikazima meni swichi, nikatenga rodi yangu, nikapima ethi yao. 0.31. Nilifurahi kwa sekunde kama kumi. Nikarudia, kama ilivyo desturi: 1.24. Tena: 0.31. Mara ya nne: 4.80. Ethi nzima haibadiliki hivyo.

Nikauangalia waya wa kijani na njano pale unapoingia kwenye kiungio chao, nje ya kisanduku chenye sili. Nikauvuta kwa vidole viwili tu. Ukateleza. Nikamulika tochi: fundi alikuwa amemenya waya kidogo mno, akausukuma ndani hadi ganda la plastiki likaingia chini ya skrubu. Skrubu ilibana plastiki. Shaba iligusana na pembe ya kiungio kwa nyuzi tatu au nne, zinazong'aa, zilizobaki zimekaa hewani. Kwa mbali waya unaonekana umefungwa imara.

Hilo halikueleza taa kukonyeza. Nikafungua umeme, nikaweka mita kwenye volti, nikawasha birika la kilowati 3. Volti 241 zikashuka hadi 226. Nilipopima mwezi uliopita birika lilelile lilishusha volti 3. Maana yake volti 12 zaidi zinaliwa mahali fulani, kwa ampea kama 13: zaidi ya wati 150 za joto ndani ya kisanduku cha plastiki, chini ya ngazi ya mbao, karibu na makoti. Niliweka kiganja juu yake. Upande wa moto ulikuwa baridi. Upande wa nutrali ulikuwa na joto kama chupa ya chai.

Sasa fikirini aina ya ethi waliyoiweka. Nutrali na ethi ni waya mmoja hadi kwenye kisanduku hicho. Nutrali ikiachia upande wa mtaani, umeme wa kila kifaa kilichowashwa unatafuta njia kupitia ethi, na kila bomba, sinki na bati la jiko linapata umeme. RCD haiokoi hapo, kwa sababu hatari haipiti ndani yake. Nyumba iliyokosa ethi Septemba ilikuwa na hatari ya siku ya ajali. Hii ya Oktoba ilitengeneza ajali yenyewe.

Ndani ya kisanduku chenye sili siruhusiwi kuingia, na sikuingia. Nilizima kila kitu, mama mdogo akaenda kwa jirani, nikapiga 105. Safari hii maneno yalikuwa mafupi: nutrali imelegea, kisanduku kina joto. Walifika baada ya saa moja na dakika arobaini.

Fundi wa usiku ule alikuwa kijana. Alichomoa fyuzi, akafungua kisanduku, akaniita nione. Plastiki iliyozunguka nutrali inayoingia ilishaanza kuwa na rangi ya kahawia. Aliweka bisibisi kwenye skrubu, ikazunguka raundi mbili nzima kabla ya kukaza. Alikata ncha ya waya iliyoungua, akamenya upya, akafunga kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Waya wa ethi aliumenya vizuri, akafunga, akauvuta kwa mkono wote. Kisha akapima mara tatu: 0.24, 0.24, 0.25, akaandika kwenye karatasi bila kuombwa. Birika likashusha volti 3. Kisanduku akakipigilia.

Alifanya kazi ya dakika hamsini. Ndiyo kazi iliyopaswa kufanyika siku tatu kabla.

Ijumaa, 14 Novemba: shimo na barua

Shimo la kando ya barabara lilikaa wazi siku 20, uzio wake ukiangushwa na upepo. Lilizibwa tarehe 11.

Malalamiko rasmi niliyaandika 27 Oktoba kwa niaba ya mama mdogo: picha ya klampu, ya waya uliobanwa ganda, ya karatasi yenye mstari mtupu, vipimo vyote kwa tarehe. Sikutumia neno la hasira hata moja, namba zilitosha. Wamejibu kwa maandishi, wameomba radhi kwa ziara ya kwanza na ya tatu, wametoa paundi 150. Anayelalamika hapa akikaa wiki 8 bila ufumbuzi anaweza kulipeleka shauri kwa msuluhishi wa nishati, bila malipo. Hatukufika huko. Lebo ya onyo ilikuja kwa posta, ndani ya bahasha, tuibandike wenyewe.

Jumamosi, 29 Novemba: kufunga hesabu ya nyumba hii

Ethi ya aina mpya inadai nyaya za mabomba ziwe nene zaidi, milimita 10 kwa uchache. Zilizokuwepo zilikuwa milimita 6, na hakuna hata mmoja wa mafundi wa shirika aliyemwambia mwenye nyumba. Nimezibadilisha kwenye gesi na kwenye shaba ya maji: waya na klampu paundi 41. Hizi ni klampu za bomba, na ziko kwenye bomba.

Rodi sikuing'oa. Nimeiunganisha kwenye baa pamoja na ethi ya shirika. Toleo la 2022 la BS 7671, kanuni za hapa za kufunga umeme, linapendekeza nyumba za aina hii ziwe na rodi ya ziada. RCD ya mbele imebaki pia.

Vipimo vya leo, rodi ikiwa imetengwa: 0.24 mara tano mfululizo. Kwenye shawa: 0.41. Breka ya 40 inapata zaidi ya ampea 500 inapohitaji 200.

Jumla iliyotoka mfukoni mwa mama mdogo ni paundi 150 kamili, yaani kiasi kilekile walichomrudishia. Kazi ya shirika haikulipiwa, kwa kuwa ethi ilikuwa yao. Mimi nilikosa kazini siku mbili.

Shawa iliwashwa saa tano asubuhi. Mama mdogo alisimama nje ya mlango wa bafu na taulo begani.

"Umepima?"

"Nimepima, Mama."

"Pima tena nikuone."

Nikapima tena.

Jirani bado yuko kwenye rodi niliyomgongea Oktoba, omu 68, na RCD yake. Amepewa tarehe 9 Desemba ya kuchimbiwa. Nimeomba ruhusa kazini siku hiyo, na nitakuwepo kabla hawajafunga kisanduku.